Alhambra ya Granada: nilipanda kilima na begi mgongoni, nikakutana na Kilwa

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, na nitauleta kwa vipande kadiri nipatavyo nafasi, kwa hiyo anayetaka kusoma kwa utulivu achukue chai kabisa.

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Masoko, kwa sasa niko Ujerumani kwa masomo ya uzamili. Mwezi wa pili chuo kilipofunga nilichukua begi moja la mgongoni, nikapanda ndege ya bei rahisi hadi Málaga, kusini mwa Hispania, na kutoka pale nikapanda basi kwenda Granada. Ni mwendo usiofika saa mbili, na njia nzima ni vilima vya mizeituni. Unapokaribia mji unaona theluji juu ya milima ya Sierra Nevada, ile yenye kilele cha zaidi ya mita 3,400, na chini yake hali ya hewa ni ya kuvaa sweta moja tu mchana. Usiku lakini baridi inauma, msidanganyike na jua.

Kilichonipeleka ni jengo moja, Alhambra. Ni kasri na ngome ya masultani Waislamu wa ukoo wa Nasr, waliotawala Granada kwa zaidi ya miaka 250 hadi mwaka 1492. Jina lenyewe ni Kiarabu, al-Hamra, yaani Nyekundu, kwa sababu kuta zake zina rangi ya udongo. Nilikuwa nimeziona picha zake tangu sekondari kwenye kitabu cha mwalimu wetu wa historia, na nilijiambia kwamba siku nikifika Ulaya nitaanzia hapo. Nimechelewa miaka miwili, ila nimefika.

Hosteli yangu ilikuwa Albaicín, mtaa wa kale ulioko kilima cha pili, unaotazamana na Alhambra, na kati ya vilima hivyo unapita mto mdogo wa Darro. Vichochoro vya Albaicín vimetandikwa kokoto za mtoni, vinapanda na kushuka, vingine ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakipishana mmoja anajibana ukutani. Aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu atajihisi kwao. Anayekwenda na sanduku la magurudumu atateseka, chukueni begi la mgongoni.

Asubuhi niliyopanda nilipitia Plaza Nueva, nikafuata njia ya Cuesta de Gomérez, unapita lango la mawe kisha unaingia msituni. Ndiyo, msitu, katikati ya mji, miti mirefu, na pembeni ya njia maji yanatiririka kwenye vijifereji kutoka juu. Kabla sijaona ukuta hata mmoja wa Alhambra nilikuwa nimeshaisikia. Hilo la maji nitalirudia, kwa sababu kwangu ndilo moyo wa mahali pale.

Nitaendelea.

#2 Mchangiaji

Asante dada kwa uzi. Kabla hujaenda mbali, tufafanulie tiketi. Ndugu yangu alifika pale mwaka juzi akitokea Paris, akaambiwa zimeisha, akaishia kupiga picha nje.

#3 Mleta uzi

Mkuu, umeuliza jambo la msingi, maana hata mimi nusura linikute.

Alhambra inapokea zaidi ya watu milioni 2 kwa mwaka na idadi ya wanaoingia kila siku ina kikomo. Tiketi kamili ni kama euro 20. Inakuruhusu kuzunguka eneo zima siku hiyo, lakini sehemu kuu, Kasri za Wanasri, inaingiwa kwa saa maalumu iliyoandikwa kwenye tiketi. Ukipitwa na muda wako, umepitwa. Inaandikwa jina na namba ya pasi yako, na mlangoni wanaikagua. Mimi pasi nilikuwa nimeiacha kwenye kabati la hosteli nikiogopa wezi. Nilishuka kilima kile mbio na kupanda tena mbio, nikafika zikiwa zimebaki dakika nne. Nusu saa ya kwanza ndani ya kasri sikuona kitu vizuri kwa sababu moyo ulikuwa unagonga. Nawasihi, bebeni pasi.

Nunua kwenye tovuti rasmi ya Alhambra yenyewe, na nunua mapema, wiki kadhaa kabla kama ni majira ya kuchipua au kiangazi. Kuna wauzaji wa kati mtandaoni wanauza tiketi zilezile kwa bei karibu mara mbili, mmoja nilikaribia kumlipa. Begi kubwa haliingii ndani, kuna mahali pa kuliacha karibu na mlango mkuu wa tiketi. Begi dogo utaambiwa ulivae kifuani, na wana sababu: begi la mgongoni likigeuka linakwangua plasta ya miaka 650.

Aliyekosa tiketi asirudi hosteli kulala. Lango la Haki, lililojengwa mwaka 1348, unaingia bure, na ukiinua macho utaona mkono umechongwa juu ya tao la nje, na ufunguo juu ya tao la ndani. Kasri la mfalme Charles V nalo ni bure. Ndugu yako angeyaona hayo.

Kwa walioko nyumbani, mtahitaji viza ya Schengen, ada yake kwa mtu mzima ni euro 90. Mimi kibali cha kukaa Ujerumani kilinitosha.

#4 Mleta uzi

Sasa ndani.

Nianze na kitu ambacho picha hazisemi: kwa nje Alhambra ni kavu. Minara ya mraba, kuta tupu, madirisha machache. Mtu akikuonyesha kwa mbali bila kukuambia, utadhani ni boma la askari na basi. Uzuri wote umegeuziwa ndani. Hili nalijua kwetu, nyumba ya pwani haijitangazi barabarani, unapita daka, unapinda kona, ndipo uwanja unafunguka.

Unapita ukumbi wa Mexuar, halafu unatokea kwenye Ua wa Mihadasi, bwawa refu lililonyooka, maji yametulia, na mnara wa Comares wenye urefu wa mita 45 umesimama ndani ya maji ukiwa kichwa chini. Nyuma ya bwawa hilo, ndani ya mnara, ndipo ulipo ukumbi ambao sultani Yusuf wa Kwanza alikaa kupokea mabalozi. Ni chumba cha mraba, giza kidogo, na dari yake ni vipande zaidi ya 8,000 vya mbao vilivyounganishwa kuwa nyota juu ya nyota, ngazi kwa ngazi hadi katikati. Chini ya dari hiyo wamezungusha Sura ya al-Mulk. Anayeijua anakumbuka ile aya ya Yeye aliyeumba mbingu saba tabaka juu ya tabaka. Nilisimama pale nikaisoma kimoyomoyo kama nilivyofundishwa chuoni na bibi yangu, na ndipo nilipoelewa kwamba fundi wa mbao na msomi walikaa pamoja. Dari ndiyo tafsiri ya aya.

Nawaambia kwa dhati, kitu hiki kilinibadilisha namna ya kuangalia jengo. Kuta za Alhambra zimeandikwa. Kuna Qur'ani, kuna dua, kuna mashairi kamili, na kuna maneno manne yanayorudiwa maelfu ya mara, juu ya nguzo, pembeni mwa milango, kwenye vigae: *wala ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Ndiyo ilikuwa kauli ya ukoo ule wa watawala. Watalii wengi waliokuwa karibu nami waliyaona kama maua. Mtu wa pwani yetu aliyepita chuo cha Qur'ani anaingia pale akiwa na ufunguo mfukoni.

Na mashairi yenyewe yanasema kwa nafsi ya kwanza! Kishubaka cha ukutani kinasema mimi ni kitu fulani, birika linasema mimi ni kitu fulani. Pembeni mwa milango kuna vishubaka vidogo vya marumaru na plasta vilivyochongwa kwa kuwekea mitungi ya maji, na kila kimoja kina beti zake.

#5 Mchangiaji

Vishubaka hivyo ni zidaka, dada. Nyumba za kale za Lamu na Pate zina kuta nzima za zidaka, zimechongwa kwenye plasta ya chokaa. Sema zetu huwekewa vyombo vya Kichina na vitabu.

#6 Mchangiaji

Mimi ni fundi ujenzi, nimefanya kazi ya plasta na dari za jasi miaka 14. Nina maswali ya kifundi. Kuta hizo zimejengwa kwa nini? Na zile dari zinazoning'inia kama masega ya nyuki wanazifanyaje? Nimeziona kwenye picha, na kichwa changu kinakataa.

#7 Mleta uzi

Kaka wa Lamu, umenifurahisha. Nilipoviona neno la kwanza lililonijia ni zidaka, niliogopa tu kuliandika.

Fundi, shikamoo kazi. Jibu litakushangaza, sehemu kubwa ya Alhambra ni udongo. Udongo wenye wekundu, ukachanganywa na chokaa na kokoto, ukamwagwa kati ya mbao na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Ukienda ukuta wa Alcazaba, ile ngome ya upande wa magharibi, unaona mistari ya ulalo ilipoishia kila tabaka. Kwingine ni matofali ya kuchoma. Marumaru ipo kwenye nguzo, sakafu na mabirika, lakini ule urembo unaowaliza watu ni jasi, mbao na vigae. Vifaa vya kawaida kabisa. Jengo hili limesimama kwa mikono na hesabu.

Hizo dari za masega ya nyuki zinaitwa muqarnas. Ni vipande vidogo vya jasi vya maumbo machache tu ya msingi, vimekatwa kwa vipimo vinavyooana, kisha vinapangwa na kugandishwa safu juu ya safu, kila safu ikichomoza kidogo kuliko ya chini yake. Dari ya Ukumbi wa Dada Wawili ina vipande zaidi ya 5,000. Madirisha yako chini ya kuba, mwanga unaingia kwa pembeni, na kadiri jua linavyosogea vivuli ndani ya dari navyo vinasogea. Nilikaa chini yake dakika ishirini, mlinzi akanitazama, akaniacha. Kumbuka vilevile kwamba hiyo plasta tunayoiona nyeupe ilikuwa imepakwa rangi, buluu, nyekundu na dhahabu. Kwenye pembe zilizofichika mabaki ya rangi bado yapo.

#8 Mchangiaji

Salaam kutoka Nizwa, Oman. Bibi mleta uzi, umesema utarudi kwenye maji. Huku kwetu uhai wa mji ni falaj, mfereji unaoshuka kwa mteremko tu bila mashine. Huko walipandishaje maji kilimani?

#9 Mleta uzi

Wa alaykum salaam. Wewe ndiye hasa wa kulielewa jambo hili.

Hawakuyapandisha, waliyatangulia. Sultani wa kwanza, Muhammad ibn al-Ahmar, aliingia Granada mwaka 1238, na kati ya kazi za mwanzo kabisa ilikuwa kuchimba mfereji unaoyachukua maji ya mto Darro kama kilomita 6 juu ya mji, ambako mto uko juu kuliko kilima. Kutoka hapo yanateremka taratibu ubavuni mwa mlima hadi yanaifikia Alhambra kwa juu. Mfereji huo Wahispania wanauita Acequia Real, na hilo neno acequia ni Kiarabu, as-saqiya. Unapita katikati ya bustani ya Generalife, ukiwa na maua pande zote, halafu unaendelea kwenda kasrini. Hakuna pampu, ni mteremko tu na subira ya mpimaji, kama falaj yenu.

Na maji yale yana tabia tofauti kila mahali. Kwenye Ua wa Mihadasi yamelala. Kwenye Ua wa Simba yanatembea: birika limebebwa na simba 12 wa marumaru, maji yanatoka vinywani mwao, na mifereji minne sakafuni inaunganisha birika na kumbi za pande nne. Pembeni kuna nguzo 124, nyembamba kama mikono ya mtoto. Ua huo ni wa Muhammad wa Tano, mtoto wa Yusuf. Ukingoni mwa birika kumechongwa shairi la Ibn Zamrak, waziri wake, linalosema kwamba maji na marumaru vimefanana hata hujui kipi kati ya viwili kinachotiririka. Nilidhani ni kutia chumvi kwa washairi. Jua lilipopiga pale nilishindwa kutofautisha kweli.

Lugha ya mjini nayo itakupa raha. Sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, limau ni limón. Meya wa mji wanamwita alcalde, ni al-qadhi yuleyule, kadhi wetu.

#10 Mchangiaji

Nasoma kwa makini, lakini naomba niseme. Tunasifia makasri, je, waliobeba huo udongo ni akina nani? Na baada ya 1492 wenye mji walikwenda wapi?

#11 Mleta uzi

Swali la haki, na sitalikwepa.

Ndani ya eneo la Alhambra kuna mashimo yaliyochimbwa ardhini, mdomo mwembamba na tumbo pana kama mtungi. Yalitumika kuwafungia mateka Wakristo usiku, na mchana wengine walifanyishwa kazi. Nililiona moja, limefunikwa kwa nondo. Uzuri wa ule ukumbi wa juu haulifuti shimo lile.

Tarehe 2 Januari 1492 sultani wa mwisho, Muhammad wa Kumi na Mbili, ambaye Wahispania humwita Boabdil, alikabidhi funguo kwa Malkia Isabel na Mfalme Fernando. Mkataba uliahidi Waislamu kubaki na dini, misikiti na kadhi wao. Haikupita miaka 10 ahadi ikavunjwa, watu wakalazimishwa kubatizwa. Wayahudi wao walifukuzwa kwa amri iliyotiwa saini humohumo Alhambra, tarehe 31 Machi 1492. Na hata wale wazao wa Waislamu waliobatizwa walifukuzwa Hispania yote kuanzia 1609. Mjukuu wa Isabel, Charles V, alianza mwaka 1527 kujenga kasri lake la mawe katikati ya lile la zamani. Ni zuri kwa namna yake, nje mraba, ndani uwanja wa duara, lakini limekaa pale kama mgeni aliyeketi kitini kwa mwenye nyumba. Mwaka 1812 wanajeshi wa Napoleon walipoondoka wakalipua minara kadhaa.

Kwa hiyo kila nilipoyasoma yale maneno manne ukutani, hakuna mshindi ila Mungu, niliyasoma nikijua walioyaandika nao walishindwa, na waliowashinda hawakuyafuta.

#12 Mleta uzi

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nianzishe uzi.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa. Alimkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, na akaandika kwamba Kilwa ni katika miji mizuri. Mwaka 1350, msafiri huyohuyo akafika Granada. Yusuf wa Kwanza alikuwa mgonjwa na hakumwona, ila mama wa sultani alimpelekea dinari za dhahabu. Na katika bustani moja ya Granada alikutana na kijana msomi, Ibn Juzayy, mwenyeji wa mji ule. Kijana huyu alimsikiliza akisimulia safari zake. Miaka michache baadaye wakakutana tena Fez, na sultani wa Morocco akamwagiza Ibn Juzayy aziandike safari zote. Kazi ikakamilika mwishoni mwa 1355.

Wakuu, mnaelewa? Habari ya Kilwa ambayo kila mtoto wa Tanzania anaisoma darasani iliandikwa kwa kalamu ya mtu wa Granada.

Na al-Hasan yule ndiye ambaye jina lake limekutwa kwenye jiwe lililochongwa huko Husuni Kubwa, kasri lililo juu ya jabali upande wa bahari, pale Kilwa Kisiwani. Vyumba zaidi ya 100, matumbawe na chokaa, na katikati yake bwawa la kuogea la pembe nane. Husuni Kubwa ilikuwa imeshasimama kabla Muhammad wa Tano hajaweka simba hata mmoja. Utotoni tulikuwa tunavuka na mashua kwenda kucheza mule ndani, tunaruka bwawani, kavu, limejaa majani na mijusi. Hakuna aliyetuambia tulikuwa tunacheza kwenye nyumba ya rika la Alhambra. Kilwa iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, Alhambra 1984. Sisi tulitangulia. Halafu 2004 magofu yetu yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa 2014 baada ya kukarabatiwa.

Nilipokuwa mbele ya bwawa la Ua wa Mihadasi nililiona lile bwawa la pembe nane likiwa na maji. Nililia kidogo, na sikuona haya.

#13 Mchangiaji

Dada, mimi ni wa Masoko, navusha wageni kwenda Kisiwani. Miaka yote nawaonyesha lile bwawa na kusema ni la sultani, basi. Hiyo habari ya Ibn Juzayy sikuwa nayo. Kesho nina wageni wanne.

#14 Mleta uzi

Kaka, umenipa furaha ambayo siwezi kuieleza. Waambie. Na wasimamishe pale ukingoni ambapo bahari inaonekana, waone kwa nini alijenga hapo.

Kwa waliouliza chakula: baa za Granada hukupa sahani ndogo ya chakula bure ukinunua kinywaji, ila mara nyingi ni nyama ya nguruwe, uliza kwanza. Mimi nilikula mtaa wa Calderería Nueva, kuna mikahawa ya Wamorocco, supu ya dengu na chai ya nanaa. Bei ya mwanafunzi.

Na jioni msikose kupanda Mirador de San Nicolás, kule Albaicín. Pembeni yake kuna msikiti, ulifunguliwa mwaka 2003, una bustani ndogo inayotazama Alhambra. Nilifika jua linazama. Kuta ng'ambo ziligeuka kutoka manjano hadi nyekundu, theluji nyuma yake ikawa waridi, kukawa na vijana wanapiga gitaa. Kisha ikaadhiniwa magharibi. Nikavua viatu, nikaweka begi langu pembeni mwa mlango, nikaingia safu ya nyuma pamoja na mama mmoja wa Kihispania aliyenisogezea nafasi kwenye mkeka wake.